Tujifunze Nini kwa Wasanii wa Mitaa ya Wenzetu?

Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa walimu wa sanaa na maofisa utamaduni.



Nimeombwa nizungumzie yale ambayo miji yetu inaweza kujifunza kutokana na kazi za sanaa zilizoanzishwa na wananchi wenyewe katika miji ya wenzetu. Nimekubali kwa furaha, lakini kwa hadhari pia, maana tunayo desturi mbaya katika jambo hili la kujifunza. Ofisa hupelekwa nje majuma mawili, hutembezwa, hupigwa picha mbele ya jengo zuri, naye akirudi huandika taarifa ndefu ya kupendekeza kwamba nasi tujenge jengo kama lile. Jengo ndilo linaloonekana. Yaliyotangulia jengo, yaani mabishano ya watu, umilikaji wa kiwanja, na nani aliyeshika ufunguo, hayapigiki picha. Kwa sababu hiyo leo sitasema habari za majengo makubwa.

Nianze na mji wa Houston, katika jimbo la Texas, Marekani. Huko kuna mtaa uitwao Third Ward, ambao umekuwa makao ya Wamarekani weusi tangu enzi za ubaguzi wa kisheria. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwako huko mchoraji kijana, Rick Lowe, aliyekuwa akichora picha kubwa za kuonyesha dhuluma na umaskini. Wanafunzi wa sekondari walipozuru karakana yake, mmoja wao alimwambia kwamba picha zake zinasema kweli, ila wao hawahitaji kuonyeshwa taabu zao kwa kuwa wanaishi nazo kila siku. Na ikiwa wasanii ni wabunifu, kwa nini wasibuni ufumbuzi? Nawaomba walimu walitafakari jambo hili. Aliyeuliza ni mwanafunzi, na aliyebadilika ni mtu mzima. Katika madarasa yetu mangapi swali la namna hiyo lingehesabiwa kuwa ni utovu wa adabu?

Katika mtaa huo palikuwa na safu ya nyumba ndogo 22 za mbao, zilizojengwa zamani kwa ajili ya kupangisha, nazo zilikuwa zimetelekezwa. Ni nyumba nyembamba, vyumba vyake hufuatana kimoja nyuma ya kingine, na milango yake imekaa katika mstari mmoja tangu barazani hadi uani. Kwa macho ya wengi hayo yalikuwa magofu ya kubomolewa. Lakini mzee mmoja mchoraji, John Biggers, aliyefundisha miaka mingi katika chuo kikuu cha Texas Southern kilichomo mtaani humo humo, na ambaye mwaka 1957 alisafiri Afrika Magharibi, alikuwa amekwisha zichora nyumba za aina hiyo kwa heshima kubwa. Naye mtaalamu John Michael Vlach alikwisha onyesha kwamba ujenzi wa namna hii ulivuka bahari pamoja na watumwa, toka Afrika Magharibi hadi Haiti, na toka Haiti hadi New Orleans. Ndiyo kusema, kile kilichodhaniwa kuwa takataka ya mji kilikuwa urithi.

Mwaka 1993 Lowe na wasanii wenzake 6 walianzisha kazi waliyoiita Project Row Houses. Watu walijitolea kusafisha, kupigilia mbao na kupaka rangi. Baadhi ya nyumba zikawa mahali pa wasanii kuonyesha kazi zao kwa zamu. Kuanzia mwaka 1996 nyumba nyingine zilitolewa kwa akina mama vijana wanaolea watoto peke yao, wapate pa kukaa huku wakiendelea na masomo. Hapa najua mtaniuliza: je, hiyo ni sanaa au ni ustawi wa jamii? Swali hilo katika ofisi zetu lingekuwa la kwanza, maana jalada halina budi kwenda idara moja, na likikosa idara hulala mezani. Wenzetu hawakungoja jalibu jibu lake. Nyumba ilikuwa inavuja, nao wakaiezeka.

Nalikaza jambo moja ambalo wageni wengi wanaokwenda Houston hawaliulizi. Wasanii wale hawakuazima nyumba. Walihakikisha kwamba nyumba na ardhi yake vinakuwa mali ya chama chao. Third Ward iko karibu na katikati ya mji, na mtaa wa namna hiyo ukishapendeza, wenye fedha huanza kuutamani, kodi hupanda, na maskini waliouchangamsha hufukuzwa na bei. Jambo hilo wameliona kwa macho yao. Mwaka 2003 kiliundwa chombo kingine, ndugu wa kile cha kwanza, kwa ajili ya kujenga nyumba za kupangisha kwa wenye kipato kidogo. Sisemi kwamba kwa kufanya hivyo waliyazuia mabadiliko ya mtaa mzima, hawakuweza. Lakini wao wenyewe bado wapo, kwa sababu hakuna mwenye nyumba wa kuwatoa. Wasanii wetu wangapi wana hati ya mahali wanapofanyia kazi?

Sasa tuje karibu, Kinshasa. Mwaka 1994 Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu aliyefungwa na Wabelgiji mwaka 1921, alianzisha kundi kubwa la muziki wa ala katika kanisa la babu yake. Yeye alikuwa rubani wa ndege aliyekosa kazi, wala hakuwa mwanamuziki wa chuoni. Ala zilikuwa chache kuliko watu, kwa hiyo fidla moja ilipokezanwa mkono kwa mkono, kila mmoja akipata muda wake mfupi. Uzi wa fidla ulipokatika, waya wa breki ya baiskeli ulitiwa mahali pake. Aliyejua kidogo alimfundisha asiyejua kabisa. Mji ulipitia vita na upungufu wa umeme, na mazoezi yakaendelea. Mwaka 2010 ilitoka filamu juu yao, ulimwengu ukashangaa. Lakini wakati huo walikuwa wamekwisha piga muziki miaka 16 bila ya kushangaliwa na mtu.

Wapo watakaosema kwamba muziki wenyewe ni wa Beethoven, basi ni kasumba. Sikubaliani nao. Kasumba ni kuamini kwamba hatuwezi mpaka tuletewe. Mtu aliyefunga fidla yake kwa waya wa baiskeli hakungoja kuletewa.

Mfano wa tatu si wa jiji, nanyi mnisamehe, bali ni wa kijiji kilicho karibu na mji mdogo wa Limuru nchini Kenya. Nauleta kwa sababu unatuhusu sisi watumishi wa umma kuliko mifano yote miwili niliyotaja. Katika kijiji cha Kamiriithu, wakulima na wafanyakazi walianza kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, kisha wakaingia katika mchezo wa kuigiza kwa lugha yao ya Kikuyu, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Mazoezi yalifanywa hadharani. Kila mpita njia aliweza kusimama na kusahihisha: mzee hasemi hivyo, wimbo huo haukuimbwa hivyo. Wanakijiji wenyewe walijenga ukumbi wa wazi wa kuketi watu wapatao 2,000. Mchezo ulianza kuonyeshwa mwezi Oktoba mwaka 1977. Mwezi Novemba kibali cha mikutano mahali pale kiliondolewa. Siku ya mwisho ya mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini bila ya kushtakiwa, na mwezi Machi mwaka 1982 askari wakaubomoa ukumbi.

Angalieni mfuatano huo, ndugu maofisa. Kabla ya kizuizi na kabla ya tingatinga la kubomolea, ilikuwako karatasi. Kibali kiliandikwa na kikafutwa na ofisi kama zetu, na kazi ya mamia ya watu ikasimama bila ya hata ubao mmoja kuguswa. Mara nyingi hatufuti kwa hila. Twafuta kwa kutojibu. Barua ya vijana wanaoomba darasa la shule siku ya Jumamosi inakaa miezi mitatu, na ikijibiwa vijana wamekwisha tawanyika.

Wala tusidhani kwamba sisi hatuna chetu cha kuwafundisha wenzetu. Neno tingatinga nililolitaja lanikumbusha Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyekuja Dar es Salaam kutafuta kazi, na ambaye mwaka 1968 au karibu yake alianza kuchora juu ya vibao kwa rangi za kupakia baiskeli. Hakusomea sanaa chuoni. Alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, naye alikuwa amechora kwa miaka michache tu. Kilichobaki ni jamaa na vijana aliowafundisha kwa kukaa nao chini ya kivuli, nao wakawafundisha wengine, hata mwaka 1990 wakaandikisha chama chao cha ushirika. Leo picha za namna ile zinanunuliwa duniani kote. Zimeigwa mno pia, na mara nyingi anayefaidika ni mchuuzi. Hilo ni jambo la kujadiliwa siku yake.

Ninalowaomba ni dogo. Kila mwalimu aliyepo hapa, akirudi, ahesabu ni vyumba vingapi vya shule yake hufungwa kuanzia saa tisa alasiri, na ni nani katika mtaa wake anayefanya mazoezi ya ngoma, ya kuchonga au ya kuigiza chini ya mwembe. Kila ofisa atazame jaladani mwake kuna barua ngapi za namna hiyo, na ya tangu lini. Mkutano ujao tuletewe hesabu hizo kwanza, ndipo tuzungumze habari za kupeleka watu Houston.

Ndugu Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali, na ningependa la kwanza litoke kwa ndugu zetu wa idara ya ardhi walioketi kule nyuma.