Karani na Kitabu cha Dracula

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni)



Katibu alitutaka tuzungumze juu ya jambo litakalowafaa wale miongoni mwetu ambao, wakiisha kufunga mafaili ya kazi, hurudi nyumbani wakawasha taa na kujifunza kwa ajili ya mtihani. Sisi tu watu wanne wa darasa moja la jioni, wote makarani. Habari tutakayowapa ni ya kushindwa kwetu kwanza, kisha ya kuinuka tena.

Katika vitabu tulivyopewa kusoma palikuwa na kimoja kiitwacho Dracula, alichokiandika Bram Stoker, kikatolewa London mwaka 1897. Ni kitabu cha namna iitwayo gothiki, yaani hadithi za ngome kuukuu, usiku, milango iliyofungwa na wafu wasiotulia makaburini. Swali lilikuwa hili: mwandishi anatiaje hofu katika moyo wa msomaji? Tulikisoma kwa shauku, maana habari za mnyonya damu si ngeni masikioni mwa watu waliotishwa utotoni kwa jina la mumiani. Tukaandika kurasa nyingi. Tulieleza jinsi Jonathan Harker alivyosafiri mpaka Transylvania akafungiwa ngomeni, jinsi Lucy alivyokufa, na jinsi Dracula alivyofukuzwa mpaka kwao akauawa. Insha zikarudi. Hapana hata mmoja wetu aliyepata nusu ya alama, na pembeni mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Kitabu nimekwisha kukisoma. Nilitaka kujua ninyi mmeona nini ndani yake."

Mwenzetu mmoja, mwenye watoto watatu na mshahara mdogo, aliikunja insha yake akasema kwamba vitabu vya namna hii havikuandikwa kwa watu kama sisi, na kwamba ni afadhali ada ya masomo inunue unga. Usiku ule hatukuwa na jibu la kumpa.

Juma lililofuata tulipata habari iliyotushangaza. Huyu Stoker, aliyezaliwa Dublin mwaka 1847, alikuwa mtumishi wa serikali kabla ya kwenda London kusimamia mambo ya jumba la michezo liitwalo Lyceum. Mwaka 1879 kilitolewa kitabu chake cha kueleza kazi ziwapasazo makarani wa mahakama ndogo za Ireland. Basi, mabwana, mtu aliyeitisha dunia kwa Dracula alikuwa kwanza mwenzetu wa mezani, mtu wa daftari na kalamu. Tukasema, kama ni hivyo, na tukisome tena kitabu chake kama karani asomavyo faili.

Ndipo macho yetu yalipofunguka. Kitabu chote ni faili. Hakuna msimulizi mmoja akaaye juu ya wengine. Kuna madaftari ya siku, barua, simu za maandishi na vipande vya magazeti, na vingi vyavyo vina tarehe. Tukaona pia kwamba jambo la kutisha huja mara nyingi pale ambapo maandishi yameharibika. Dracula amshurutisha Harker aandike barua tatu za kwenda kwao, naye amtajia tarehe za kuziandika, ambazo siku zake hazijafika bado: 12 Juni, 19 Juni na 29 Juni. Harker atambua mara moja kwamba amehesabiwa siku za kuishi. Hapo hakuna damu wala meno. Pana tarehe ya uongo tu, na nywele za msomaji zasimama.

Tena kuna simu. Van Helsing, akiwa Antwerp, ampelekea Daktari Seward simu kumwamuru akamlinde Lucy usiku ule. Anwani yataja Carfax lakini haitaji jimbo, na simu yapelekwa Carfax ya Sussex. Yachelewa saa 22. Katika saa hizo mbwa mwitu avunja dirisha, mama yake Lucy afa kwa hofu, na Lucy hapati nguvu tena mpaka kufa kwake. Nani kati yetu hajapata kusahau neno moja katika anwani?

Na kuna Mina, mkewe Harker. Huyu ndiye karani mkuu wa kitabu. Akusanya madaftari ya watu wote, ayapiga chapa kwa mashine, ayapanga kwa tarehe, tena daftari la Daktari Seward alipiga nakala tatu kwa mara moja. Kwa kupanga tu, wale watu wajua kwamba mambo waliyoyadhani ni mbalimbali ni jambo moja. Baadaye Dracula aingia akayachoma maandishi motoni. Lakini nakala moja imo ndani ya sanduku la chuma, na kazi haikupotea. Wazee walisema kweli, mali bila daftari hupotea bila habari. Walakini wanaume wale, kwa kudhani wamhifadhi Mina, walimtoa katika mashauri yao. Na ni katika siku zile zile, yeye hana habari na wao hawamwangalii, Dracula alipomjia. Aliyeijua faili kuliko wote alifichwa faili, na hasara ikawarudia wote.

Mabwana, haya ndiyo tuliyoyapata kwa kusoma mara ya pili. Sasa twataka kuwaambia yale tuliyojifunza juu ya kuandika.

Kwanza, mtahini hataki kusimuliwa. Ulizeni swali lataka nini, kama mnavyoisoma barua ya Mkubwa kabla ya kuijibu. Swali likiuliza "anatiaje hofu," jibu lazima liseme njia, si matukio tu.

Pili, chagueni neno moja mnalotaka kuthibitisha, mkaliandike juu ya karatasi kabla ya insha. Letu lilikuwa hili: katika kitabu cha Dracula hofu huingia kwa mlango wa maandishi yaliyoharibika. Kila fungu lisilolitumikia neno hilo tulilifuta, hata kama lilikuwa zuri.

Tatu, kila neno lishuhudiwe, na kila ushuhuda uelezwe. Katika insha ya kwanza tuliandika hivi: "Simu ilichelewa. Mbwa mwitu akavunja dirisha na mama yake Lucy akafa. Inatisha sana." Katika insha ya pili tuliandika: "Simu yachelewa saa 22 kwa kuwa anwani haikutaja jimbo. Adui hakumwondoa mlinzi. Kosa dogo la maandishi ndilo lililomweka mbali. Kwa hiyo msomaji aogopa si ngome ya mbali tu, bali na vitu anavyovitegemea kila siku nyumbani kwake." Tukio ni lile lile, ila la pili lajibu swali.

Nne, tafuteni neno la kupinga, mkalijibu kwa haki. Yule mwenzetu wa insha iliyokunjwa ndiye aliyeliona. Alisema, "Katika faili hili wengi wana madaftari yao, lakini Dracula hana. Barua yake tunayo mwanzoni, na maneno yake twayapata katika madaftari ya adui zake. Lakini ushahidi wake mwenyewe haupo." Tulibishana mpaka taa ikaanza kufifia. Mmoja alisema muuaji hana haki ya kusikilizwa. Yeye akajibu kwamba hasemi Dracula hana hatia. Asema tu kwamba mgeni aliyeandikwa na wengine hutisha zaidi, maana hatumsikii, na kwamba Stoker alijua hivyo alipomnyima kalamu. Mwishoni mwa kitabu Harker mwenyewe akiri kwamba katika karatasi zao zote karibu hakuna hati ya asili iliyobaki, ila nakala zilizopigwa chapa tu. Mwenzetu aliyaandika haya yote, upande huu na upande huu, na ikawa ndiyo insha bora ya darasa.

Ndugu zetu, neno hilo halikuishia katika insha. Siku ya pili yake kazini kila mmoja wetu alikaa mbele ya faili lenye malalamiko juu ya mtu, na tulijikuta tukiuliza: maneno ya mtu huyu mwenyewe yako wapi? Wako watu wanaopoteza kazi, shamba au jina jema kwa sababu faili lina upande mmoja. Karani hawezi kutoa hukumu, lakini aweza kuandika pembeni kwamba mhusika hajaulizwa.

Tano, na la mwisho, andikeni tena. Insha ya kwanza ni rasimu. Hapana karani apelekaye rasimu kutiwa sahihi. Someni kwa sauti, ondoeni maneno ya mapambo, tazameni majina na tarehe, kisha nakilini safi.

Mtihani wetu bado haujafika, wala hatuwezi kuwaahidi kwamba sote tutafaulu. Lakini mwenzetu ameilipa ada ya muhula ujao, na Dracula yake, iliyojaa alama za penseli, sasa imo mikononi mwa mtoto wake mkubwa. Mwanachama yeyote atakaye kusoma pamoja nasi, tuko hapa kila Jumatano baada ya saa kumi na moja jioni. Aje na kitabu, kalamu, na insha iliyomshinda.