Kesi Isiyofungwa

Vijana waliokulia kwenye vibanda umiza, yale mabanda ya video ya mtaani, wana kanuni yao: steringi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Akipigwa risasi itampata begani, akitupwa baharini ataibukia ufukweni, na dakika kumi za mwisho adui atalala chini, ving'ora vya polisi vitalia, watu watatoka nje wakibishania ngumi. Kanuni hiyo ndiyo iliyozilea tamthilia nyingi za uhalifu tunazozitazama, za kwetu na za ng'ambo, na jioni hii, msikilizaji, ninakusudia kuipinga. Hadithi ya uhalifu inayofunga kesi yake mbele ya macho yetu hutufanya mahakimu, na hakimu akishasoma hukumu huvua joho akaenda nyumbani. Filamu fupi haina muda wa kufunga kesi, kwa hiyo hutuacha mashahidi. Shahidi naye hubaki na alichokiona mpaka siku atakayoitwa.

Tuwe waadilifu kwanza kwa upande wa pili, maana raha ya kesi iliyofumbuliwa ni raha ya kweli na katika Kiswahili ina nasaba yake. Mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitupa Mzimu wa Watu wa Kale, na ndani yake Bwana Msa, kiko mdomoni, rafiki yake Najum pembeni, akichambua fumbo baada ya fumbo mpaka lile lililodhaniwa kuwa kazi ya mizimu linaonekana kuwa kazi ya mkono wa mtu. Kwa msomaji wa wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa: akili ya mtu wa hapa hapa, ikisema kwa lugha yake, inatosha kuushinda woga. Uzi huo haujakatika. Mwaka 2021 Showmax ilituletea Crime and Justice kutoka Nairobi, wapelelezi wake Makena na Silas wakichezwa na Sarah Hassan na Alfred Munyua, na kesi zake zilifanana na zile tunazozisoma magazetini asubuhi. Imepigwa picha kwa ustadi, na mji wenyewe unaonekana kama mji, haukupakwa rangi ya kuuzia watalii.

Lakini tazama tamthilia ya aina hii inavyomtendea marehemu. Anaonekana dakika za mwanzo, amelala, na kuanzia hapo anakuwa kufuli tu la kutafutiwa ufunguo. Mama yake atalia katika onyesho moja, kisha kamera itarudi kwa wapelelezi, kwa kuwa wao ndio watakaokuwepo juma lijalo na yeye hatakuwepo. Sidai kwamba waandishi hawana huruma. Nadai kwamba umbo lenyewe linawafunga mikono: kipindi kinacholazimika kuanza na maiti mpya kila wiki kinalazimika pia kumsahau wa wiki iliyopita, na sisi tuliokaa sebuleni tunajifunza kusahau pamoja nacho.

Sasa weka pembeni yake Watu Wote, filamu ya mwaka 2017 yenye dakika 22. Mwongozaji wake ni Katja Benrath, Mjerumani, na ilikuwa kazi yake ya kuhitimu chuo cha Hamburg Media School. Mwaka 2018 iliteuliwa kuwania Oscar katika kundi la filamu fupi. Tukio lenyewe ni la kweli. Tarehe 21 Desemba 2015 basi lililokuwa likielekea Mandera lilisimamishwa na wapiganaji wa al-Shabaab, wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo, na abiria Waislamu wakakataa. Walijua vizuri wanachokikataa, kwani mwaka mmoja tu kabla ya hapo, Novemba 2014, abiria 28 walikuwa wametolewa kwenye basi katika kaunti hiyo hiyo wakauawa. Mwalimu Salah Farah, mmoja wa abiria waliokataa, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016.

Filamu ingeweza kuanza na wauaji. Imeanza na Jua, mwanamke Mkristo ambaye ugaidi umeshamnyang'anya mume na mtoto, na ambaye anaingia garini akiwa amewafungia moyo wote wanaomzunguka. Hapo ndipo werevu wa filamu hii ulipo. Washambuliaji hawaonekani mapema. Kuna viti vilivyobanana, maji ya kunywa, maneno makavu kati ya Jua na mwalimu anayejaribu kumsemesha, na lile vumbi la kaskazini linaloingia hata madirisha yakifungwa. Uhalifu unapofika tayari tumeshafanya kosa letu wenyewe: tumeshaishiriki shaka ya Jua, tumewapima abiria kwa mavazi yao. Kisha mwanamke wa Kiislamu anamfunika kwa hijabu, na shaka ile inatuchoma. Katika tamthilia ya upelelezi swali lingekuwa ni nani hawa washambuliaji, wametumwa na nani, watakamatwa lini. Benrath hawapi hata muda wa kutosha tukayakariri majina yao. Swali lake ni jingine: mtu wa kawaida, mwenye dakika mbili za kuamua, atasimama wapi? Swali hilo halifungiki kwa pingu.

Wapo watakaosema hiyo ni anasa ya wachambuzi. Mtu aliyeshinda juani akiuza nguo za mitumba, au aliyesimama kwenye daladala kutoka Posta mpaka Mbagala, anaporudi usiku anataka kuona haki ikitendeka angalau kwenye runinga. Hoja hii naiheshimu. Palipo na kesi zinazoahirishwa mwaka hadi mwaka, hukumu ya nusu saa ni kitulizo, na ndiyo sababu mojawapo Vioja Mahakamani ya KBC ilipendwa miaka mingi. Ila Vioja ilikuwa kichekesho. Haikumwahidi mtu kwamba mahakama ndivyo zilivyo. Tamthilia ya uhalifu hujivika uso wa ukweli, na hapo kitulizo kinageuka deni. Mtazamaji huyo huyo wa daladala anafahamu kuliko mtu yeyote kwamba simu iliyoporwa hairudi. Kumwonyesha kila wiki kwamba inarudi ni kumdharau kidogo, hata kama nia ni njema.

Pingamizi zito zaidi ni la urefu. Je, kina si huletwa na muda? The Wire, ya Baltimore nchini Marekani, ilichukua misimu mitano na vipindi 60, kuanzia 2002 hadi 2008, na bila urefu huo isingeweza kutuonyesha jinsi bandari, shule, siasa na gazeti vinavyoshikana na biashara ya dawa za kulevya. Nakubali. Lakini angalia ilichokifanya na urefu huo: ilikataa kufunga. Wakubwa wa mitaani wanaanguka na vijana wengine wanaingia kwenye nafasi zile zile, na mwisho jeraha la mji liko pale lilipokuwa. Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga, ya mwaka 2012, nayo si fupi, na ina ujasiri huo huo. Mwas, aliyechezwa na Joseph Wairimu, anatoka kijijini akitaka kuwa mwigizaji, anaibiwa siku ya kwanza mjini, anaonja mahabusu, anaingia katika genge la kuiba vipuri vya magari, na wakati huo huo anapata nafasi ya kuigiza mwizi katika mchezo wa jukwaani. Mwisho anapanda jukwaani akitoka kwenye damu ya wenzake. Waliolipa kiingilio wanamtazama mwizi wa maigizo, wa kweli hawamjui, na hakuna afisa mwadilifu anayeingia kutupatanisha na mji wetu. Kwa hiyo urefu sio adui yangu. Ninachosema ni kwamba filamu ndefu huufikia uaminifu huo kwa kushindana na mazoea ya soko, ilhali filamu fupi huzaliwa nao.

Inauma, basi, kwamba filamu fupi hazina makazi. Zinaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la ZIFF, usiku mmoja Ngome Kongwe pale Zanzibar, zinapigiwa makofi, kisha zinatoweka. Kibanda umiza hakizitaki kwa kuwa hazijazi saa, na runinga hazizitaki kwa kuwa hazina juma lijalo. Hata hadithi ya basi la Mandera ilibidi mwanafunzi atoke Hamburg ndipo ipigwe picha, na Wakenya walioicheza kwa Kiswahili na Kisomali walistahili kuiona ikirushwa nyumbani kwao saa ya chakula cha usiku, familia nzima ikiwa macho. Dakika 22 zinatosha kati ya taarifa ya habari na tamthilia. Wenye vituo, nafasi hiyo mnayo kila siku, na sasa hivi mmeijaza matangazo.