Kamera Kongwe ya Kitaalamu na Kamera Mpya ya Wanaoanza: Ipi Imfae Mpiga Picha wa Sherehe?



Utangulizi

Mpiga picha anayeanza kuishi kwa kazi za harusi, mahafali na vikao, na mwenye fedha za kununua kamera moja tu, hufika njia panda mapema. Upande mmoja anaona kamera kubwa ya DSLR iliyotumika, ambayo miaka kumi iliyopita ilikuwa mikononi mwa wataalamu. Upande wa pili anaona kamera ndogo mpya isiyo na kioo ndani, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanaoanza, ikiwa bado kwenye boksi lake. Bei za kamera hizi mbili zinaweza kukaribiana, na kila upande una watetezi wake wakali.

Watetezi hao hubishana kuhusu ubora wa picha. Mada hii inapendekeza kipimo kingine, nacho ni aina ya kosa. Kila kamera hukosea, lakini hizi mbili hukosea kwa namna tofauti. Yapo makosa ambayo mpiga picha huyasahihisha sekunde ileile, na yapo ambayo hayana marekebisho kwa sababu tukio limeshapita. Anayelipwa kupiga tukio lisilojirudia anapaswa kuchagua kamera inayomkinga na kosa la aina ya pili, hata kama itamwongezea la kwanza.

Kamera mbili za mfano

Ili tusizungumze hewani, nimechukua kamera mbili za kampuni moja. Ya kwanza ni Canon EOS 5D Mark III, iliyotangazwa Machi 2012 kwa bei ya dola 3,499 za Marekani bila lenzi. Sensa yake, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga, ni ya fremu kamili, milimita 36 kwa 24, yenye megapikseli 22.3. Ya pili ni Canon EOS R50, iliyotangazwa Februari 2023 kwa takriban dola 680 bila lenzi. Sensa yake ni ya ukubwa wa APS-C, yenye megapikseli 24.2. Idadi ya megapikseli, kama mnavyoona, haiamui chochote hapa.

Kamera mpya inapoishinda kamera kongwe

Ushindi mkubwa wa R50 uko kwenye fokasi. Katika DSLR, kioo hugawa mwanga: sehemu huenda juu kwenye jicho la mpiga picha, na sehemu huenda chini kwenye kifaa cha pekee cha kupimia fokasi. Sensa inayorekodi picha haihusiki kabisa na upimaji huo. Vifaa hivyo viwili vikipishana hata kidogo, fokasi huangukia sikioni badala ya jichoni, na mpiga picha hulazimika kurekebisha kila lenzi kupitia menyu ya kamera. Zaidi ya hayo, pointi 61 za fokasi za 5D Mark III zimejikusanya katikati ya fremu. Bibi harusi akisimama pembeni, unafunga fokasi katikati kisha unahamisha kamera, na kwa lenzi ya f/1.8 kuhama huko kunatosha kuharibu ukali wa jicho.

R50 hupima fokasi kwenye sensa ileile inayorekodi picha. Upishano wa vifaa viwili haupo. Hutambua uso na jicho, humfuata mtu karibu popote alipo ndani ya fremu, na hupiga hadi picha 12 kwa sekunde kwa shata inayoanza kielektroniki, wakati 5D Mark III hupiga 6. Mtoto anayekimbia katikati ya wageni atapatikana kirahisi zaidi kwa R50.

Jambo la pili ni kuona mwanga kabla ya kubonyeza. Upimaji wa mwanga wa kamera huvutwa na rangi iliyotawala fremu. Gauni jeupe likijaa, kamera hupunguza mwanga na uso mweusi wa bibi harusi huzama gizani; suti nyeusi zikijaa, hufanya kinyume. Anayetumia DSLR lazima ajue kusahihisha kwa uzoefu, kisha aangalie picha baada ya kuipiga. Kitazamio cha kielektroniki cha R50 humwonyesha matokeo wakati bado anapanga fremu. Kwa anayeanza, hiyo ni elimu inayotolewa kila dakika.

Jambo la tatu ni video. R50 hurekodi 4K kwa fremu 30 kwa sekunde ikitumia upana wote wa sensa, na fokasi yake humfuata mtu anapotembea. 5D Mark III huishia kwenye Full HD, na wakati wa kurekodi haina fokasi ya kumfuata mtu. Mkono wako ndio unaozungusha lenzi. Mteja anayetaka picha na kipande cha video cha kutuma kwa simu usiku huohuo atahudumiwa vizuri zaidi na kamera mpya, ambayo pia ina Wi-Fi na Bluetooth ndani yake.

Uzito nao si jambo dogo. R50 ina gramu 375 pamoja na betri na kadi, na 5D Mark III ina kama 950. Tena R50 inaweza kupiga kimya kabisa, jambo la heshima wakati wa nikaha au misa. Tahadhari ni moja: kupiga kimya ni kutumia shata ya kielektroniki, ambayo huisoma picha mstari kwa mstari. Chini ya baadhi ya taa za LED za ukumbini huacha michirizi, na flashi haifanyi kazi nayo.

Inaposimama kamera kongwe

5D Mark III ina nafasi mbili za kadi, moja ya CF na nyingine ya SD, na unaweza kuiamuru iandike kila picha kwenye zote mbili. R50 ina nafasi moja. Kadi huharibika bila kutoa taarifa, na ikiharibika baada ya maharusi kula kiapo, hakuna wa kuwarudisha madhabahuni. Kwa uzito wa jambo hili, ningeanza kukagua kamera yoyote ya kazi hapo.

Betri ya 5D Mark III, kwa kipimo cha kiwanda, hutoa takriban picha 950 kwa chaji moja. R50 hutoa chini ya nusu ya hizo, kwa sababu kitazamio chake cha kielektroniki na sensa yake hufanya kazi muda wote unapotazama. Shughuli inayoanza saluni asubuhi na kuishia ukumbini usiku huhitaji betri tatu au nne za R50, na gharama yake lazima iingie kwenye hesabu ya ununuzi.

Mwili wa 5D Mark III ni wa aloi ya magnesiamu, wenye mipira ya kuzuia vumbi na matone ya maji kwenye maungio. R50 haina kinga hiyo. Anayefanya kazi barabara za vumbi, ufukweni, au kwenye mvua za masika anaijua thamani yake.

Kuhusu sensa, ile ya fremu kamili ina eneo kubwa kama mara 2.6 ya APS-C. Kwa lenzi ya f ileile na kasi ileile ya shata, hukusanya mwanga mwingi zaidi kwa kiasi hicho. Teknolojia mpya imepunguza pengo, na kwa ISO ndogo R50 inaishinda 5D Mark III pale unapofungua vivuli kwenye kompyuta, kwani sensa ya 2012 huleta chengachenga na mistari. Lakini ukumbi wenye mwanga hafifu haukupi ISO ndogo, na hapo sensa kubwa bado inajitetea.

Hatimaye, flashi. Mguu wa flashi wa R50 ni wa aina mpya usio na viungo vya zamani. Flashi za zamani za Canon huhitaji adapta iitwayo AD-E1. Wengi hugundua hili wakiwa tayari wamelipia kamera.

Lenzi ndiyo inayopokea mwanga

R50 huuzwa mara nyingi na lenzi ya milimita 18 hadi 45, ambayo ukiivuta hadi mwisho hufunga f/6.3. Lenzi ya f/2.8 hupitisha mwanga mara tano ya huo. Ukumbini usiku, tofauti hiyo inazidi tofauti ya miaka 11 kati ya kamera hizi. Bajeti yoyote inayomalizikia kwenye kamera na kuiacha lenzi ya boksi ni bajeti iliyokosewa.

Ukichomeka lenzi ya fremu kamili kwenye R50, pembe ya mwonekano hupungua kwa mara 1.6. Lenzi ya milimita 50 itaona kama ya 80, nzuri kwa sura za watu. Lenzi ya 24 hadi 70 itaanza kuona kama ya 38, na ukoo mzima uliojipanga nyuma ya maharusi hautaenea kwenye fremu kama huna pa kurudi nyuma.

Kupima makosa

Sasa turudi kwenye kipimo chetu. 5D Mark III itakupa fokasi zilizokosa na mwanga uliopimwa vibaya. Ukizijua tabia zake, utapiga mara tatu mahali pa mara moja, utaangalia skrini, na utasahihisha. R50 itakupa jicho lenye ukali karibu kila mara, lakini inaweza kukupotezea kazi yote kwa kadi moja, au kuzimika hotuba ya baba ikiwa katikati. Kosa la kwanza hupungua kadiri ujuzi unavyokua. La pili halijali ujuzi wako.

Mapendekezo

Anayeishi kwa harusi na sherehe achukue kamera kongwe ya kitaalamu. Anayeishi kwa video, mahojiano, picha za bidhaa na za mitandao, kazi ambazo zinaweza kurudiwa, achukue kamera mpya bila kusita.

Anayenunua iliyotumika akague kwa mikono yake. Shata ya 5D Mark III ilipangiwa mizunguko 150,000. Idadi iliyotumika haiandikwi kwenye picha, hivyo isomwe kwa programu ya kompyuta kupitia waya. Apige ukuta mweupe kwa f/16 kutafuta madoa ya sensa. Amulike ndani ya nafasi ya kadi ya CF kuona kama kuna pini iliyopinda. Lenzi nazo azimulike kwa tochi kutafuta ukungu, kwani unyevu wa pwani huuzalisha haraka.

Pendekezo la mwisho linahusu mpangilio wa ununuzi. Lenzi za EF, zilizoanza 1987, hukaa milimita 44 kutoka kwenye sensa. Mfumo wa RF wa 2018 huacha milimita 20 tu. Nafasi hiyo inayobaki ndiyo inayojazwa na adapta, hivyo lenzi ya EF hufanya kazi kwenye R50, lakini lenzi ya RF haiwezi kufanya kazi kwenye DSLR. Kwa hiyo anayeanza na 5D Mark III na lenzi nzuri za EF hajajifungia nje ya teknolojia mpya. Mapato ya kamera ya kwanza yakinunua R50 kama kamera ya pili, lenzi zilezile zitahudumia zote mbili, na mpiga picha ataingia ukumbini akiwa na jicho la moja na usalama wa nyingine.