Saa Zisizo na Sala: Muungano na Mungu katika Siku ya Kazi





Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kukuza maisha ya kiroho ya kila siku na kuishi tukiwa tumeungana na Mungu. Niseme mapema kwamba sidhani kama tatizo la Bujumbura ni uchache wa sala. Mji huu unasali. Watu wanakwenda Misa ya asubuhi katika kanisa la Regina Mundi kabla ofisi za Rohero hazijafunguliwa. Usiku wa Ijumaa, kuanzia Kamenge hadi Kanyosha, mikesha inakwenda hadi majogoo. Kule Gikungu, kwenye Mlima Sayuni, hukosi kumkuta mtu amekaa na rozari yake. Saa za sala tunazo. Kinachokosekana ni uzi wa kuziunganisha na saa nyingine: za sokoni, za kazini, za nyumbani, na miaka hii ya karibuni saa za foleni ya mafuta. Mtu anasali saa nzima kwa machozi, kisha anaishi saa 15 zinazobaki kabla ya kulala kama vile Mungu ameachwa kanisani kulinda mabenchi. Mada yangu inahusu hizo saa 15.

Kuna anayedhani muungano na Mungu ni hisia, joto fulani kifuani linalokuja kwaya ikipanda sauti. Hisia ni zawadi, nani azikatae? Lakini katika sura ya 15 ya Injili ya Yohana, Yesu anawaambia wanafunzi habari za tawi na mzabibu, na anachokirudia pale ni kukaa. Tawi halihudhurii mzabibu Jumapili likarudi kwake Jumatatu. Kwa hiyo anayetaka kujipima asijiulize alilia mara ngapi kwenye mkesha. Ajiulize Jumanne yake ilikuwaje.

Naitaja Jumanne kwa sababu historia ya nchi yetu iliwahi kutupima hapo hapo. Rais Jean-Baptiste Bagaza alishika madaraka mwaka 1976, na katika miaka ya 1980 serikali yake ililibana Kanisa. Wamisionari wengi walifukuzwa. Ibada za siku za kazi zilizuiwa. Jumuiya za mitaani, zile inama-sahwanya, zilipigwa marufuku, na shule za Yaga Mukama, ambako watoto wengi maskini walijifunza kusoma pamoja na katekisimu, zikafungwa. Hali hiyo ilidumu mpaka Septemba 1987, Pierre Buyoya alipompindua. Baadhi yenu humu ukumbini mliyapitia hayo, na mnaweza kuyasimulia kuliko mimi. Mimi nachukua swali moja tu ambalo kipindi kile kilimwachia kila Mkristo: wakikunyang'anya kengele ya Jumanne, Jumanne yako inabaki na nini? Aliyekuwa na Injili na rozari mezani kwake alibaki navyo. Aliyekuwa na kengele peke yake hakubaki na kitu. Leo hakuna anayetuzuia, kengele inalia, na kwa sababu hiyo swali lenyewe tumelisahau.

Sasa nije Buta, na hapa nitakaa kidogo.

Tarehe 30 Aprili 1997 ilikuwa Jumatano. Nchi ilikuwa vitani tangu kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993. Alfajiri, watu wenye silaha waliingia seminari ndogo ya Buta, jimbo la Bururi, wakafika bwenini na kuwaamuru vijana wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Vijana wakakataa. Waliuawa 40. Mwaka 2019 Kanisa la Burundi lilifungua rasmi kesi ya kuwatangaza wenye heri kama mashahidi wa udugu, pamoja na wengine, akiwemo Padri Michel Kayoya, mshairi aliyeuawa Gitega mwaka 1972, na wamisionari wa Kisaveri waliouawa Buyengero mwaka 1995.

Tumezoea kuisimulia asubuhi ile. Tunainamisha vichwa, tunaimba, tunarudi nyumbani. Natamani tuzisimulie siku za kawaida zilizoitangulia, maana jibu la namna ile kijana wa sekondari halitungi katika dakika moja huku bunduki zikimtazama. Gombera wao, Padri Zacharie Bukuru, ameeleza kwenye maandishi yake kazi iliyofanyika pale katika miaka ya vita. Vijana walisali pamoja, walicheza pamoja, walifanya kazi pamoja. Tena waliruhusiwa kuzungumza waziwazi juu ya kile ambacho kila mtu nje alikinong'ona: ukabila, ndugu waliouawa, hasira, woga. Likizo zilipokwisha walirudi na sumu ya mitaani, na kazi ikaanza upya. Darasa la wakubwa lilikuwa limetoka kwenye mafungo muda mfupi kabla ya shambulio. Mimi naona kule kukataa kwa alfajiri kulikuwa kumeandaliwa mezani, viwanjani na kwenye sala za jioni ambapo pengine nusu ya vijana walisinzia. Nani asiyesinzia kwenye sala za jioni akiwa na miaka 16?

Hapo ndipo ninapouona muungano na Mungu. Haukuwageuza wale vijana kuwa viumbe wa angani. Uliwafanya wasiweze kumtazama aliyelala kitanda cha jirani kama mtu wa upande mwingine.

Je, sisi ambao hatukai bwenini, hatuna gombera wala ratiba ya seminari, tufanyeje?

Wengi wenu mmepanda Gikungu, lakini nashuku ni wachache waliouliza wenyeji wa pale wanafundisha nini hasa. Kanisa dogo lile ni la Schönstatt, chama kilichoanzishwa Ujerumani tarehe 18 Oktoba 1914 na Padri Joseph Kentenich pamoja na wanafunzi wake. Fundisho lao kubwa ni utakatifu wa siku ya kazi, na wana vifaa vitatu vya kuutekeleza. Kwanza, unaandika ratiba yako ya kiroho: mambo machache unayokusudia kuyafanya kila siku. Pili, unachagua jambo moja tu, kasoro moja au fadhila moja, ulifuatilie. Tatu, kila mwezi unamtolea hesabu muungamishi wako. Basi.

Mtu makini ataniuliza juu ya Kentenich mwenyewe. Ni kweli alifungwa kambi ya Dachau na Wanazi kuanzia 1942 hadi 1945. Ni kweli pia kwamba mwaka 2020 yaliibuka madai mazito juu ya jinsi alivyowatendea baadhi ya masista, na mwaka 2022 askofu wa Trier alisimamisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Siyafichi hayo. Anayewaongoza wengine kiroho anapaswa kuchunguzwa kuliko wote. Hata hivyo kifaa cha pili, cha kufuatilia jambo moja, kilikuwapo kabla yake. Katika Mazoezi ya Kiroho, yaliyochapwa mwaka 1548, Ignasi wa Loyola alichora mistari ya siku za juma, kila siku na mistari yake miwili, ambayo mtu ataiwekea nukta mchana na usiku kila alipoanguka katika kosa lile moja. Mistari hiyo inazidi kuwa mifupi juma linavyosonga, maana nukta zinatarajiwa kupungua.

Wenye maduka ya Buyenzi mnaijua kazi hii kuliko watawa. Daftari la madeni linaandikwa siku hiyo hiyo; ukisema utaandika kesho, umeshapata hasara. Chukua daftari la shule, piga mistari 31 kwenda chini na safu tano kwenda kando. Juu ya kila safu andika jambo moja, na liwe la kuonekana. "Kumpenda Mungu zaidi" usiandike, kwa kuwa jioni hutajua uweke alama gani. Andika: dakika 10 na Injili ya siku kabla sijagusa simu. Andika: Malaika wa Bwana saa sita, hata nikiwa kwenye meza ya samaki wa mukeke soko la Kotebu. Andika: leo sikurusha wala kusambaza WhatsApp sauti yoyote inayotukana kabila la mtu. Andika: mfanyakazi wa ndani amelipwa tarehe niliyomwahidi.

Hilo la mwisho limewashtua wengine, naona. Kama Kristo yumo ndani yangu saa kumi na mbili asubuhi ninapopokea Komunyo, yumo pia saa mbili usiku msichana wa kazi anaposimama mlangoni kuuliza mshahara wake wa mwezi uliopita. Mimi nitaiamini safu hiyo kuliko safu ya rozari.

Kuhusu foleni ya mafuta, sina falsafa. Foleni inachosha, na kuidai haki ya wananchi si dhambi. Ila saa zile zipo, zinapita, na wengi wetu tunazipitisha kwa umbea na matusi. Huko Paris, katika karne ya 17, aliishi mtawa mmoja Mkarmeli, Ndugu Laurent wa Ufufuko, aliyepangiwa kazi ya jikoni kwa miaka mingi ingawa kwa asili yake jiko hakulipenda. Alijizoeza kumwelekea Mungu katikati ya masufuria mpaka akawa haoni tofauti kubwa kati ya saa ya sala na saa ya kupika. Hakufika huko kwa wiki moja. Mwanzoni alisahau, akakumbuka, akarudi, bila kujigombeza sana. Dereva wa teksi aliyekwama kwenye foleni anaweza kufanya hivyo hivyo: kila gari likisogea, amtaje Mungu mtu mmoja wa nyumbani kwake.

Daftari linahitaji pia macho ya mtu mwingine, na hapo sisi Wakatoliki tuna jambo la kujifunza kwa ndugu zetu walokole. Waanglikana walifungua misheni za Buhiga na Matana mwaka 1935, na uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, ukafika huko. Waliuita mwenendo wao kutembea nuruni. Walikutana mara kwa mara, wakasimuliana Neno walilosoma asubuhi, na mtu akamwomba mwenzake msamaha kwa kumtaja. Ninajua mtindo huo unaweza kugeuka maonyesho, toba ikawa sanaa ya jukwaani. Lakini walielewa kwamba anayesafiri peke yake hana wa kumwambia amepotea njia. Daftari lisiloonwa na mtu mwingine litakuwa nguvu ya soda: litachangamka Kwaresima, na Pasaka litakuwa limeshafungia maandazi.

Zitakuja siku kavu. Barua za Mama Teresa wa Kolkata, zilizochapishwa mwaka 2007, zilionyesha kwamba aliishi miongo kadhaa karibu bila kuonja utamu wowote katika sala, na kazi yake iliendelea kila asubuhi. Ukavu usikufanye ubadilishe ratiba. Uchovu, ndiyo, unaweza. Mama mwenye mtoto mchanga hana ratiba moja na mstaafu, na muungamishi asiyejua hilo atafutiwe mbadala.

Baada ya chakula tutagawanyika wawili wawili, si kwa parokia moja wala kwa mtaa mmoja, na ikiwezekana mkae na mtu ambaye kwa kawaida hamketi naye. Kila mmoja atapewa daftari. Andikeni vichwa vya safu za mwezi huu, kisha mbadilishane, kila mmoja asome la mwenzake. Zisizidi safu tano. Atakayeandika 12, mwenzake amkatie saba, na asianze na ile ya mshahara.