KUKABIDHIANA KAZI MCHANA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi)



Tumeombwa tuseme machache kabla ya uchaguzi wa viongozi wa tawi letu. Twataka kusema juu ya siku mbili zenye tarehe moja: 30 Desemba 2002 na 30 Desemba 2007. Sisi wa rika hili tulikuwa wanafunzi wakati huo, lakini hatujasahau.

Mwaka 2002 Mzee Moi alikuwa ametawala miaka 24, na KANU ilishika serikali tangu uhuru, 1963. Sisi hatukupata kujua Rais mwingine. Katika uchaguzi wa 27 Desemba Bw. Mwai Kibaki wa NARC alishinda, naye Bw. Uhuru Kenyatta wa KANU akakubali kwamba ameshindwa. Siku tatu baadaye, katika Uhuru Park, Bw. Kibaki aliapishwa mbele ya umati mkubwa, akiwa katika kiti cha magurudumu kwa sababu ya ajali ya motokaa. Mzee Moi alikuwapo. Watu wengine walimzomea, lakini alikabidhi kazi, akaenda zake nyumbani. Wazee wetu walikaa karibu na redio wasiamini: mamlaka makubwa namna ile yamebadili mikono mchana, bila risasi. Januari 2003 ada ya shule za msingi ikaondolewa, na sisi tuliozoea kurudishwa nyumbani kwa ajili ya ada tukakaa darasani.

Miaka mitano baadaye matokeo ya uchaguzi yalibishaniwa, na Rais akaapishwa jioni, Ikulu, si mbele ya wananchi. Mnajua yaliyofuata. Watu zaidi ya 1,100 walikufa. Kule Kibera reli iling'olewa, mizigo ya Uganda ikakwama. Reli haikugombea kiti chochote, lakini iling'olewa!

Ndugu, hatusemi kwamba mwaka 2002 ulituletea kila kitu. Rais mpya hakuja na mkataba wetu wa kazi mfukoni. Mwaka 2006 reli ilikodishwa kwa miaka 25, wafanyakazi wengi wakapoteza kazi, na mkataba wenyewe ukavunjwa 2017. Mishahara na nyumba ni mambo ya kudaiwa na chama, awe Ikulu nani. Lakini chama hakiwezi kudai lolote mahali ambapo watu wanakimbia nyumba zao.

Nchi ilijifunza. Katiba ya 2010 yasema Rais ataapishwa hadharani, na sheria ya 2012 yaweka hata saa: kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Sisi wa reli hatushangai. Dereva amalizapo zamu haiachi injini akaenda kulala. Humwambia mwenzake hali ya breki na kasoro aliyoisikia njiani. Asiposema, hatari si yake peke yake, ni ya wote walio nyuma katika mabehewa.

Basi nasi tufanye vivyo hivyo. Twaomba mambo matatu. Kwanza, kura zihesabiwe hapa hapa, mbele ya macho yetu, kukiwa bado mchana. Pili, viongozi wanaotoka walete vitabu vya hesabu, stakabadhi na muhuri siku hiyo hiyo, na kiasi cha fedha kisomwe kwa sauti. Tatu, atakayeshindwa asizomewe, wala asihame chama. Huyo anajua kasoro za breki, na anayeingia atamhitaji.

Mtu asifikiri tawi ni jambo dogo. Anayeficha muhuri wa tawi leo, kesho akipewa nchi ataificha nayo.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo. Umoja ni nguvu.