Karanga, Gesi na Vyumba Vyangu Sita



Nimeombwa niseme juu ya nyumba za kupangisha. Nitasema juu ya kushindwa, maana huko ndiko nilikojifunza.

Sisi wa Chiola tumekua tukisimuliwa mradi wa karanga wa Nachingwea: Waingereza waliuanza mwaka 1947, wakauacha mwaka 1951, na reli yake ikang'olewa miaka ya 1960. Hata hivyo mwaka 2012, gesi ilipovuma Mtwara, mimi mtumishi wa serikali nilikopa kwa dhamana ya mshahara, nikajenga vyumba sita. Mwaka 2015 bomba la gesi kwenda Dar es Salaam likazinduliwa. Wapangaji niliowangoja hawakuja. Makato ya mkopo hayakungoja. Niliuza mikorosho ya marehemu baba ili watoto wasome.

Leo vyumba vinne vina walimu na wauguzi, kwa kodi ndogo. Ndugu zangu, nilijengea fununu, sikujengea watu. Kabla ya kununua kiwanja, hesabuni wapangaji waliopo, si watakaokuja. Na urithi wa wazee usilipie tamaa zetu.