Gari Lililoinuliwa na Tela la Safari

Chukueni kalamu, mwandike neno moja: kulabu.

Pande za Mbagala na Tegeta, magari kama Land Rover huinuliwa springi ili yapite mchangani na katika madimbwi ya masika. Vema. Lakini mwenye gari akitaka kuvuta tela la safari, lile lenye vitanda na jiko ndani, ataona kwamba kulabu nayo imepanda. Akilifunga hivyo hivyo, pua ya tela hutazama juu, na uzito hurudi nyuma. Tela lenye mkia mzito huyumba. Likiyumba mteremkoni hulisukuma gari huku na huku, hata dereva asiwe na amri juu ya usukani. Hapo watu hufa.

Basi afunge chuma kilichopinda chini cha kushushia kulabu. Gari lililopanda sentimita 10, kulabu ishuke 10. Aweke pimamaji ya mwashi juu ya chasisi ya tela: kipovu kikae katikati.

Mafundi wengine husema springi ngumu za nyuma zatosha. Hazitoshi, maana hazishushi kulabu.

Kisha apakie. Maji na vitu vizito vikae mbele kidogo ya ekseli. Tela la kilo 1,000 lilalie kulabu kwa kilo 100 mpaka 150. Mzani wa muuza mahindi, ukiinuliwa kwa gogo chini ya pua ya tela, utamwonyesha. Na minyororo miwili ipishane chini ya kulabu, tela likichomoka lisianguke barabarani.